Wauza vipande: safari ya chuma kutoka Gerezani hadi Unga Limited

Jumatatu, Gerezani

Ukifua chuma kwa kupenda, bila kiwanda wala mwajiri nyuma yako, swali la kwanza huja kabla hujawasha moto: nani atakuuzia kidogo? Duka kubwa la chuma linauza pande zima la mita 6, nawe unahitaji sentimita 30. Msubu, yaani anayeyeyusha madini na kuyamimina, mwenye kiwanda anataka oda ya mamia, nawe unataka kimoja. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Jioni na siku za Jumamosi natengeneza patasi na visu vya randa uani kwangu Tabata, vya kwangu na vya maseremala wachache wa mtaani. Likizo hii ya Juni nimeamua kuwafuata watu wanaouza kimoja kimoja, tangu Dar hadi Arusha. Ninavyovitafuta ni feleji (chuma kinachoweza kugeuzwa kigumu) ya patasi, fuawe (chuma kizito cha kufulia juu yake) lenye uzito wa kutosha, na feni ya mkono ya kupulizia tanuri, maana umeme ukikatika katikati ya kazi chuma hupoa na mkaa huungua bure.

Asubuhi nimeanzia Gerezani, hapa Dar. Nyuma ya maduka yenye mabango makubwa kuna wauza vipande: meza moja, rundo la chuma, grainda moja, mizani. Mzee ninayenunua kwake ana eneo lisilozidi kitanda cha watu wawili, lakini sijaona duka lenye mpangilio kama ule. Shafti zimelala peke yake, springi peke yake, beringi zilizokufa kwenye ndoo, tupa zilizoisha meno kwenye boksi la sabuni.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Shule zimefungwa?"

"Zimefungwa. Nataka springi ya lori, ambayo haijakatika."

"Sema ambayo haina ufa. Springi ikikatika mahali pamoja, jua imechoka kote. Ufa mwingine upo ndani, utauona siku unaizamisha kwenye mafuta."

Akachukua jani moja, yaani bamba moja la springi, akalining'iniza kwa waya na kuligonga kwa nyundo ndogo. Mlio ulikuwa safi, mrefu. La pili lilitoa mlio mfupi uliokwama, akalitupa upande wa chakavu cha kuyeyushwa bila kusema neno.

Kisha cheche. Hiki ndicho kipimo cha maabara cha Gerezani, na kinafanya kazi kwa sababu ya kweli. Ukigusisha nondo kwenye jiwe la grainda, cheche zake ni mistari mirefu iliyonyooka, kwa kuwa kaboni ndani yake ni kidogo. Springi ya gari ina kaboni kama asilimia 0.6, na cheche zake huchanua matawi mwishoni. Tupa ya zamani inapita asilimia 1, nazo cheche zake hupasuka vichaka vichaka karibu kabisa na jiwe. Kaboni ndiyo inayoungua na kupasua ile punje ya moto hewani. Na kaboni hiyohiyo ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu ukikizamisha kikiwa chekundu. Nondo uizamishe mara mia, patasi haitatoka humo.

Wakati tunakata, kijana mmoja akaja akitaka bomba la maji la kutengenezea mguu wa jiko, akasema atalikunja kwa moto. Mzee akamkatalia lile bomba jeupe lililopakwa zinki na kumpa chuma cheusi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini ya joto la kufulia chuma, na moshi wake mweupe humlaza mtu kwa homa na kutetemeka. Bomba la zinki lilikuwa ghali kuliko chuma cheusi. Alikubali kupungukiwa ili kijana apumue salama.

Kila mkato unakula jiwe la grainda, kwa hiyo bei ya kipande kilichokatwa ni kubwa kuliko kilo ya chuma kizima. Kuna watu hubishana na hili. Mimi naona ni haki kabisa: ninacholipia ni mkato, mlio uliosikilizwa, na yale majani mabovu aliyoyatupa ili nisiyanunue. Nimeondoka na majani mazuri ya springi yaliyokatwa saizi ya patasi, pamoja na tupa kadhaa, yote ndani ya gunia lililoshonwa kwa kamba ya katani.

Jumanne, njiani

Basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Kondakta alipolinyanyua gunia alilirudisha chini na kuniuliza nimebeba nini. Nilimwonyesha, akaandika mzigo, nikalipia. Chalinze, Segera, Korogwe. Mombo tumekula haraka haraka. Baada ya hapo milima inakaa upande wa kulia, kwanza Usambara kisha Upare, na tambarare kavu ya mto Pangani upande wa kushoto. Nimeshuka Mwanga jua likizama.

Jumatano, Ugweno

Sikutaka kufika Kilimanjaro bila kupita Ugweno, juu kwenye milima ya Upare. Huku kuna kitu ambacho mpenda chuma wa Tanzania anapaswa kukiona kwa macho yake: nchi iliyokuwa ikitoa chuma kutoka mchangani.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mwenzangu aliyezaliwa huku juu. Gari la kupanda mlima lilituacha kwenye kona yenye baridi, tukateremka kwa miguu hadi kijito. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Niliifunga ndani ya kitambaa, nikaiburuza kwenye mchanga wa ukingoni pale maji yanapopunguza kasi. Ilitoka na ndevu nyeusi. Punje zile ni magnetiti, oksidi ya chuma, nzito kuliko mchanga wa kawaida, ndiyo maana maji huziacha nyuma na kuzikusanya kwenye mikondo. Wahunzi wa Upare wa zamani waliukusanya mchanga huu, wakauchoma kwa mkaa ndani ya tanuri la udongo lenye mivukuto, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto.

Wanafunzi wangu huwa wananiuliza swali zuri: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, sasa udongo na mkaa na ngozi ya mbuzi vilifikaje huko? Jibu ni kwamba havikufika, wala havikuhitaji kufika. Moto wa mkaa ukipulizwa vizuri unapata nyuzi kama 1,200. Hapo gesi ya mkaa inakuwa imeshaipokonya magnetiti oksijeni yake, na uchafu wa mawe unayeyuka na kutiririka. Chuma chenyewe kinabaki donge lenye matundu, ambalo mhunzi analitoa likiwa la moto na kulipiga hadi uchafu uliobaki ukamuliwe nje. Ule uchafu ndio mavi ya chuma. Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye shamba la migomba la jirani yao na kuniokotea kipande: cheusi, chenye kung'aa upande mmoja, na mikunjo ya kitu kilichotiririka kisha kikaganda.

Ukoo wa Washana ndio unaotajwa kwa uhunzi huku, na simulizi za Ugweno zinasema waliwahi kuwa watawala kabla ukoo wa Wasuya haujawaondoa. Wachaga wa Kilimanjaro nao walitegemea chuma cha huku kwa majembe na mikuki yao. Baadaye ikaja nyaya na chuma cha meli kutoka pwani, mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika Moshi, na kuchoma mchanga kukawa kazi ngumu isiyo na soko. Matanuri yalizimika. Ufuaji haukufa. Mhunzi aliacha kutengeneza chuma chake, akaanza kununua chuma kilichokwisha kazi nyingine, na hapo ndipo muuza chakavu alipoingia kwenye hadithi hii, akabaki mpaka leo.

Alhamisi, Mamba

Asubuhi na mapema nimeteremka Mwanga, nikapanda gari la Himo, kisha Marangu Mtoni, kisha bodaboda hadi Mamba, gunia likiwa katikati yangu na dereva. Mamba ndiko wanakojulikana wahunzi wa Kichaga, na mikuki mingi mnayoiona mikononi mwa Wamasai huko tambarare imezaliwa kwenye mabanda ya huku, katikati ya migomba na mifereji ya maji.

Sauti ya nyundo ndiyo iliyonielekeza njia. Banda la bati, moto chini ya usawa wa magoti, na fundi mwenye mvi ameketi kwenye kigoda akifua mkuki.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Karibu. Umeleta nini kizito hivyo?"

Nilifungua gunia. Alilichukua jani moja la springi na kuligonga kwenye fuawe, akasikiliza, kisha akamwita kijana wake naye asikilize. Huku wanapata springi zinazoletwa kutoka gereji za Himo, na nyingi huwa ndizo zilizokatika. Yenye mlio kama huu, alisema, haimfikii mara kwa mara. Sikufikiri mara mbili: jani moja likabaki kwake kama ada ya ugeni.

Mivukuto ndiyo iliyonishika zaidi. Ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja ukiwa wazi juu na kingo zake zimeshonewa vijiti viwili. Mvukutaji hushika vijiti vya kila mfuko kwa mkono mmoja: akiinua anafumbua mdomo, mfuko unajaa hewa, akishusha anaufumba, hewa inakimbilia kwenye mrija na kuingia motoni kupitia bomba la udongo. Mkono wa kulia ukipanda, wa kushoto unashuka, na upepo haukatiki. Mivukuto mingine mingi inahitaji vali ya kuzuia hewa isirudi. Hapa vali ni kiganja cha mtu. Nilipewa nafasi nikavukuta. Ndani ya dakika chache mabega yalinijulisha kwa nini vijana wa huku ni wakakamavu, na nikaanza kusikia kitu ambacho feni ya umeme haikuwahi kunifundisha: moto una sauti. Ukipuliza kidogo unapumua, ukipuliza sawasawa unanguruma kwa upole, ukizidisha unapasua mkaa na kutawanya cheche ambazo hazikipashi chuma joto, zinamaliza mkaa tu.

Ngozi zinatoka kwa muuza nyama wa jirani, anayezichuna bila kuzitoboa kwa sababu anajua zinakokwenda. Mkaa unaletwa na mama mmoja ambaye hauchanganyi: mkaa wa mti mgumu kwenye gunia lake, wa mti laini kwenye jingine, na fundi humlipa zaidi kwa utenganishaji huo. Mipini inachongwa na kijana wa nyumba ya tatu. Hakuna hata mmoja wao mwenye bango barabarani, lakini mama wa mkaa akikosekana wiki mbili, hakuna mkuki unaotoka Mamba.

Mchana tulibishana, kwa heshima, juu ya kuzamisha. Mimi hukitia chuma chote kwenye mafuta ya kupikia, kisha nakilegeza kwenye oveni, yaani nakipunguzia ugumu kidogo kisivunjike. Yeye hufanya vingine. Kisu kikiwa chekundu kiasi kwamba sumaku haikishiki tena, na kuzidi hapo kidogo, anazamisha makali peke yake ndani ya maji, akiyachezesha juu na chini ili mstari wa maji usikae pahali pamoja. Kisha anakitoa, anasugua makali haraka kwa kipande cha jiwe mpaka yang'ae, halafu anatulia na kutazama. Joto lililobaki mgongoni linatembea polepole kuelekea kwenye makali, na rangi zinatembea nalo: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Rangi anayoitaka ikifika ukingoni anakizamisha chote.

Rangi hizo ni utando mwembamba wa oksidi, na kila moja ina joto lake: manjano ni kama nyuzi 230, zambarau kama 275, buluu karibu 300. Manjano yanabaki magumu sana, yanafaa patasi na wembe. Buluu imelegea, inarudi ikipindwa, inafaa mkuki utakaogonga mfupa au jiwe. Nimefundisha habari za utando huo darasani kwa miaka, lakini sijawahi kuona mtu akiusoma kwa utulivu ule.

"Na springi haipasuki kwenye maji?" niliuliza, maana springi ni chuma cha kuzamisha kwenye mafuta.

"Maji ya asubuhi yanapasua. Haya yameshazamishwa vyuma tangu alfajiri, yana uvuguvugu. Na kisu sikizamishi chote. Wewe unayezamisha chote, baki na mafuta yako."

Nililala Mamba kwa familia ya fundi. Jioni nilifua patasi moja kwenye fuawe lake, yeye akiwa amekaa pembeni akinielekeza kwa maneno mawili tu, "rudisha" na "piga". Rudisha maana yake chuma kimepoa, kirudi motoni. Wengi tunaojifunza peke yetu hupenda kuendelea kupiga chuma kilichoiva kidogo ili tumalize haraka, na nyufa zinaanzia hapo. Alinirudisha motoni mara nyingi, kila mara kabla sijaiona sababu, na kila mara akiwa sahihi.

Ijumaa, Himo

Fuawe. Lile la kiwandani, lenye pembe, halipatikani kirahisi na likipatikana bei yake ni ya mtaji wa duka. Nilimuuliza fundi anakopata la kwake, akanituma kwa mvunja magari mmoja hapa Himo.

Kitu cha kwanza nilichoonyeshwa na kijana aliyekuwa zamu kilikuwa kipande cha reli. Ni chuma kizuri kwa kazi hiyo, kina kaboni inayokaribia asilimia 0.7 hadi 0.8 na uso wake ni mgumu. Nimekikataa. Reli ni mali ya umma, na kipande kisicho na karatasi ya kuonyesha kilitoka wapi kinaweza kuwa kimeng'olewa kwenye njia inayopitisha watu. Wapenda chuma tusipokuwa wakali kwenye hili, sisi ndio tunaolipa mshahara wa mwizi wa reli. Mwenye yadi alipofika alisema vivyo hivyo na kumkaripia kijana mbele yangu, kisha akanitafutia kitu halali: shafti ya nyuma ya lori, ile yenye sahani ya duara mwishoni inayofungwa kwenye gurudumu.

Siri yake ni kuisimamisha. Unaikata fupi, unaichimbia ndani ya gogo zito, sahani ikiwa juu. Nyundo inapotua, uzito wote wa chuma uko wima chini yake, hakuna kinachopepea. Kilo 20 zilizosimama chini ya nyundo zinafanya kazi kuliko pande pana la kilo 40 lililolala na kunesa kingo zake. Aliikata kwa gesi mahali nilipochora chaki, akalainisha kingo, akanipimia. Tuliituma Dar kwa basi siku hiyohiyo, jina langu likiandikwa kwa rangi nyeupe kwenye chuma chenyewe.

Jumamosi, Unga Limited

Arusha, mtaa wa Unga Limited. Hapa nilileta kitu nilichokichonga nyumbani kwa mbao ya mvule: umbo la nyumba ya feni, yaani ganda la nje linaloongoza upepo, konokono lenye kipenyo cha milimita 160. Nililichonga 162. Alumini ikipoa kutoka kuwa maji hadi kuwa gumu na baridi husinyaa kama asilimia 1.3, kwa hiyo umbo la mbao lazima liitangulie. Kuta zake nimezilaza kidogo, kama digrii mbili, ili litoke mchangani bila kubomoa kingo.

Msubu niliyemfuata anatengeneza sufuria. Tanuri lake ni pipa lililokandikwa udongo, linawaka kwa oili chafu inayodondoka mbele ya feni. Nilitarajia aniambie nirudi na oda ya vipande hamsini. Aligeuza umbo langu mikononi, akapitisha kidole kwenye kona, akauliza nani kachonga. Kisha akasema tusubiri sufuria za asubuhi zimalizike, litaingia kwenye chungu cha kuyeyushia cha mchana.

Kuna mirundo miwili. Mmoja ni wa alumini safi kwa vyombo vya kupikia, na hapo hakiingii kitu kilichotoka kwenye betri wala radieta. Anaeleza hilo bila kuulizwa, na ana haki: uchunguzi wa sufuria za kusubu katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo, umekuta risasi ndani ya baadhi yake, na risasi huingia kwenye chakula. Rundo la pili ni pistoni na vichwa vya injini. Kazi yangu ilitoka huko, kwa kuwa alumini ya injini ina silikoni, inatiririka vizuri na kujaza kona nyembamba. Makopo ya soda hayataki kabisa. Yanaungua na kuwa mavi kabla hayajawa maji.

Mchanga wake una udongo wa mfinyanzi na maji kiasi. Aliufumba kwenye ngumi, akafungua: ulibaki na alama za vidole. Akauvunja katikati: ukakatika safi, pande zote mbili zikabaki zimesimama. Ukikauka zaidi ya hapo hubomoka. Ukilowa zaidi, maji yanageuka mvuke chini ya chuma cha nyuzi 700 na kurusha alumini usoni mwa mtu. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Vijana wote walitakiwa kuvaa viatu vya kufunika, na kijiko cha kukorogea kilikaa juu ya moto kwanza ili unyevu wote uondoke kabla hakijaingia chunguni.

Fremu mbili za mbao. Umbo kwenye ya chini, majivu yaliyochekechwa yakapakwa ili fremu zisishikane, mchanga ukashindiliwa. Zikatenganishwa, umbo likagongwa kidogo pande zote na kutolewa. Akakata mdomo wa kumiminia upande mmoja na tundu la pumzi upande wa juu kabisa, hewa itoke na alumini ya ziada ibaki juu kulisha sehemu nene inaposinyaa. Alumini haiwi nyekundu mchana kama chuma, kwa hiyo macho hayakusaidii. Yeye hutumbukiza ncha ya fimbo ya chuma kavu na kuitoa: ikitoka na tope lililoganda, bado; ikitoka safi, tayari. Akamimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, bila kusita, mpaka alumini ikachungulia kwenye tundu la pumzi.

Tulipovunja mchanga, konokono lilikuwa mzima. Juu ya mgongo wake zilionekana alama za patasi yangu kwenye mvule, kila moja, imenakiliwa kwenye alumini. Nimepiga picha za sufuria zilizokuwa pembeni na za kazi yangu pamoja. Kwa mtu wa kipande kimoja, chungu cha msubu wa sufuria ndicho kiwanda: moto umeshawashwa kwa kazi ya watu wengine, na gharama ya kuongeza kalibu moja, yaani fremu moja ya mchanga yenye umbo, ni ndogo, mradi mwenye moto akubali kusimamisha mkono kwa dakika ishirini. Ukubali huo ndio bidhaa adimu. Nilimlipa zaidi ya alichotaja na kumwachia umbo la mbao, kama kuna mwingine atakayetaka feni.

Jumapili

Kanisani asubuhi. Mchana nimesugua konokono kwa tupa nje ya nyumba ya wageni.

Jumatatu, Arusha

Beringi za mhimili wa feni. Dada anayeziuza ana kibanda chembamba karibu na gereji, rafu hadi dari, na hatazami karatasi. Nilimwambia shimo la milimita 15.

"02 mwishoni. Unataka nyepesi au nene? 6202 inakufaa, nje 35, upana 11."

Akanifundisha na wengine waliokuwa wakisubiri. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 zidisha kwa tano: 04 ni 20, 05 ni 25, na kuendelea. Mtu akija na beringi iliyovunjika na namba imefutika, dada anapima tundu na nje kwa kalipa na kumwambia alikuwa na ipi. Aliniuzia mbili. Hakuniuliza kwa nini si boksi.

Fundi wa kukereza, mtaa wa pili, alitoboa nyumba ya beringi kwenye konokono langu ndogo kidogo kuliko 35, tofauti ya sehemu chache za mia za milimita. Hapo beringi haiingii kwa mkono. Tulilipasha konokono moto juu ya jiko mpaka tone la maji likaruka juu yake: alumini ikiongezewa nyuzi 100, tundu la 35 linapanuka kama milimita 0.08. Beringi baridi ikatumbukia yenyewe hadi chini. Ilipopoa ilikuwa imeshikwa kote, bila nyundo, bila kukwaruzwa.

Jumatano, Tabata

Feni nimeifunga kwenye rimu ya baiskeli kwa mkanda. Rimu ya milimita 600 inaendesha gurudumu dogo la 50, mara 12, kwa hiyo mkono ukizunguka mara moja kwa sekunde, feni inazunguka 720 kwa dakika. Inatosha tanuri langu, na inaniachia nisikilize moto kama nilivyofundishwa Mamba.

Patasi ya kwanza nimeizamisha jioni. Sumaku ikaacha kuishika, nikasubiri kidogo tu, nikaizamisha yote kwenye mafuta, tupa ikateleza juu yake bila kuuma. Oveni kwa nyuzi 230, manjano ya nyasi kavu yakatokea pande zote sawasawa. Nimeinoa na kuijaribu kwenye mninga mkavu, nikikata dhidi ya nyuzi za mti: makali hayakumenyeka wala kujikunja, na baada ya hapo bado ilikata karatasi.

Seremala wa mtaa wa pili ameshalipia mbili. Kesho narudi Gerezani kwa springi nyingine zenye mlio, na nusu yake inapanda basi Ijumaa kwenda Mamba. Fundi ameniomba za upana wa sentimita 7, zisizo na tundu la bolti katikati.